Tusimsaidie Shetani Dhidi ya Ndugu Zetu

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, leo nataka tuwazungumzie vijana wa rika letu ambao hatukai nao darasani.

Kule Rubavu, mwisho wa kaskazini wa ziwa letu la Kivu, kuna kundi la waporaji lililojulikana kwa jina la Abuzukuru ba Shitani, yaani Wajukuu wa Shetani. Dar es Salaam waliitwa Panya Road. Kinshasa wanaitwa Kuluna, na hapo ng'ambo, Bukavu, mtoto wa mtaani huitwa maibobo. Mengine walijipa wenyewe, mengine wamepewa na watu. Lakini mtu akishaitwa panya, nani tena atauliza mama yake ni nani, au kama amekula?

Allah ametukataza katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Sisi Waislamu wa Rwanda tulipaswa kuielewa aya hii kuliko wengine. Wazee wetu waliishi katika mitaa iliyotengwa iliyoitwa kambi za Waswahili, na neno "umuswahili" lilitumika kumaanisha mtu mjanja, laghai, asiyeaminika. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wengi waliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa, na wengi waliowadharau wakaona vingine. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nchi. Tumejionea kwamba jina baya linaweza kumkaa mtu asiyestahili, na pia kwamba linaweza kumtoka.

Basi tujiulize: kijana anatafuta nini katika kundi? Anatafuta chakula, mtu wa kumtetea akipigwa, na mahali ambapo asipoonekana jioni ataulizwa yuko wapi. Haja hizi si dhambi. Vijana wa Pangoni, ambao tunasoma habari zao kila Ijumaa, nao walikuwa kundi la vijana walioshikana mkono. Tofauti ni nani aliyewakusanya na kwa ajili ya nini.

Hapa Rusizi mpaka uko mlangoni. Daraja ni fupi, na bangi, ambayo tunaiita urumogi, huvushwa kutoka ng'ambo. Anayetaka kuivusha hajibebeshi mwenyewe; humtafuta mtu mwenye njaa amwekee furushi mgongoni. Leo kijana anabeba, kesho anaonja, keshokutwa anauza ili apate cha kuvuta. Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, inatuonyesha nia ya Shetani katika vileo: kutia uadui na chuki kati yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Ulevi na ugomvi vimetajwa pamoja. Kwa hiyo anayelia juu ya visu mtaani huku ananyamazia kinachovutwa nyuma ya nyumba hajaisoma aya hiyo vizuri.

Tumwangalie Mtume wetu (S.A.W.). Imam Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeletwa mbele yake kwa kunywa pombe, akaadhibiwa, akanywa tena, akaletwa tena. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Katika riwaya nyingine akawataka wasimsaidie Shetani dhidi ya ndugu yao. Tazameni: adhabu haikufutwa, na haki ya mama aliyenyang'anywa mkoba wake sokoni haifutwi leo. Kilichokataliwa ni kumtoa mtu katika udugu.

Hata sheria ya nchi yetu inatofautisha. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, kifungu cha 263, inaweza kumfikisha muuzaji kwenye kifungo cha maisha. Mtumiaji anahukumiwa mwaka 1 hadi 2, au kazi za manufaa ya jamii. Na tangu 2010 vijana wengi wamepelekwa katika kisiwa cha Iwawa, katika ziwa hili hili, wakafundishwa useremala, ushonaji, ujenzi na kilimo. Lakini mtihani wa kijana huyo unaanza siku anaporudi mtaani. Kundi lake la zamani litampokea kwa furaha. Je, msikiti utampokea vipi? Akisimama katika safu, tutasogea karibu naye, au tutaangalia viatu vyetu viko wapi?

Na tusidhani maneno haya ni ya vijana wa mtaani tu. Biashara huenda palipo na pesa, na miongoni mwa wanaonunua wamo wanafunzi. Msokoto unaovutwa chumbani kwa siri usiku wa mtihani umepita mgongoni mwa mtoto wa mtu. Anayenunua asiseme hahusiki.

Ndugu zangu, nawausia mambo matatu. Kwanza, tuache majina ya dharau; tumwite kijana kwa jina alilopewa na wazazi wake. Pili, kila mmoja wetu amchukue kijana mmoja wa mtaa anaoishi, amfundishe kusoma, hesabu au Kiswahili, baada ya Alasiri, mara moja kwa wiki bila kukosa. Aya za kukataza pombe zilishuka kwa hatua, kuanzia al-Baqara, kisha an-Nisaa, hadi al-Maida. Basi nasi tuwe na subira na mtu anayejitahidi kuacha. Tatu, mwenzetu chuoni akianza kuzama, tumwendee kwa siri na mapema, tumpeleke kituo cha afya, kabla hajaletwa na polisi.

Surat al-Maun imewatahadharisha wanaoswali huku wakighafilika na swala zao, na imemtaja anayemsukuma yatima. Tusije tukawa sisi.

Ewe Mola wetu, waongoze vijana wetu, waponye waliotekwa na vileo, wape subira mama zao, na usitufanye sisi kuwa wasaidizi wa Shetani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.