Bastola Mbili Zinazofanana

Tuseme kuna mfanyabiashara mmoja wa Baraka, baba wa familia, Mkristu asiyekosa Misa ya Dominika. Hajapata kushika silaha maishani mwake. Duka lake limevunjwa mara mbili, na sasa ameazimu kununua bastola. Ameonyeshwa mbili: Browning ya Ubelgiji na Glock ya Austria. Anatujia na kuuliza: Ipi ni bora?

Tusimcheke. Tumjibu kwanza kama alivyouliza. Zote mbili hupiga risasi ya milimita 9. Browning huchukua risasi 13, nayo ina kizuizi cha kusukuma kwa kidole gumba. Asiyezoea aweza kukisahau saa ya hofu. Glock huchukua risasi 17, wala haina kizuizi cha namna hiyo. Asiyezoea aweza kuifyatua asipotaka. Azilinganishe hata kuche, mwishowe ataona ya kuwa aliyeuawa kwa hii na aliyeuawa kwa ile huzikwa namna moja.

Hapa ndipo penye hatari. Mwenye kuuliza "Ninunue ipi?" amekwisha kujibu swali la "Je, ninunue?" pasipo kujiuliza. Swali dogo limelificha kubwa. Basi tuyapange maswali yake vizuri.

La kwanza: kwa nini? Kanisa halimhukumu mwenye kujitetea. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha hivyo, na Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yafundisha hivyo hivyo: anayezuia shambulio kwa nguvu inayolingana na hatari, bila kutaka kuua, hana hatia ya uuaji, tena aliyekabidhiwa uhai wa wengine ana wajibu wa kuulinda. Lakini hilo ni fundisho la kuokoa uhai. Si ruhusa ya kulipa kisasi, wala ya kumwua mtu kwa ajili ya robota la vitenge.

La pili: kwa njia gani? Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1985 yataka kibali cha serikali. Silaha iliyonunuliwa gizani huingia nyumbani pamoja na uongo.

La tatu: italala na nani? Mwizi huja mara moja kwa mwaka, lakini watoto wamo nyumbani kila siku. Hasira nayo imo, na pengine pombe pia.

Atatuambia: "Nyinyi mwasema tu. Nani atulindaye sisi?" Maneno hayo yana uzito. Tarehe 1 Januari 2011 watu wa Fizi, hasa akina mama, walitendewa unyama na askari wa taifa, wale wale waliopewa bunduki wawalinde. Februari ya mwaka ule mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka, ikamhukumu kamanda wao miaka 20 gerezani. Mlinzi aweza kugeuka chui. Lakini kama aliyefundishwa na kuapishwa aligeuka, je, sisi tusiofundishwa tuna hakika gani na mioyo yetu?

Tukumbuke na tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile waasi waliwaua kwa risasi Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin huko Baraka, na Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert huko Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri. Huyo Padre Albert alikuwa mwana wa Kapteni Joubert, Mfaransa, askari wa Papa wa zamani, aliyeshika bunduki kando ya ziwa letu kuwalinda watu na wafanyabiashara ya utumwa. Hatusemi baba alikosa: aliwatetea waliowindwa kama nyama. Mwana alikufa mikono mitupu. Bunduki ya baba ilinyamaza zamani. Damu ya mwana ingali ikitukusanya kusali.

Usiku wa mateso yake, Mitume walimwonyesha Bwana wetu panga mbili. Hakuwaambia upi ni mkali zaidi. Alikata maneno, na muda mfupi baadaye akaliponya sikio lililokatwa na Petro.

Basi ndugu yetu aanze na komeo imara, na mapatano na majirani juu ya ulinzi wa usiku, na desturi ya kutolaza fedha dukani. Akiona baadaye, mbele ya Mungu, kwamba uhai wa watu wake wamdai zaidi, atafute kibali, afundishwe, aifungie mbali na watoto. Siku hiyo, kuchagua kati ya bastola mbili itakuwa kazi ndogo. Kuuchunga mkono utakaoishika itakuwa kazi ya maisha yake yote.