HOTUBA YA IJUMAA: VIJANA WETU NA MICHEZO YA VIDEO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho.

Ndugu zangu katika imani, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ama baada ya hayo. Jambo la leo limeletwa na ninyi wenyewe. Wazazi wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, na wa ng'ambo ya mto kule Lubunga, wanauliza: hii michezo ya video ni halali au ni haramu? Baadhi yenu mnasema ni kazi ya shetani, mashine zivunjwe na vyumba vifungwe. Vijana wanajibu kuwa ni mpira tu wa kwenye televisheni, na kwamba wazee hawaelewi kitu. Maneno yamekuwa makali mpaka baba na mtoto hawasemezani. Tusikilize basi dini yetu inatufundisha nini, ili tusizidishe wala tusipunguze.

1. PUMBAO LILIINGIA HATA MADINA

Ninyi mnasoma Suratul Jumu'a. Wapokezi wa hadithi wanaeleza sababu ya kushuka aya yake ya mwisho. Siku ya Ijumaa Mtume (s.a.w.) alikuwa amesimama anahutubia. Msafara wa biashara ukaingia mjini na vyakula, na watu wakatoka mbio kuuendea. Katika mapokezi ya Jabir (r.a.) waliobaki msikitini walikuwa watu kumi na wawili tu. Mwenyezi Mungu akawakemea kwa kukimbilia biashara na pumbao na kumwacha Mtume wake amesimama.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, hawakukemewa kwa kununua chakula, maana sura hiyo hiyo inawaruhusu watu kutawanyika baada ya sala na kutafuta riziki. Walikemewa kwa kuitwa huku, wao wakaenda kule. La pili, waliotoka walikuwa masahaba. Walikosea, wakafundishwa, wakarudi. Hakuna aliyewafungia mlango wa msikiti wala kuwaita wahuni.

2. WANAZUONI WALISEMA NINI

Mchezo wenyewe si dhambi. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.). Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wake, naye akamwacha Aisha atazame mpaka alipotosheka.

Wakati wa maimamu wakubwa, fitina ilikuwa sataranji, mchezo wa vipande juu ya ubao uliotoka mbali, unaomfanya mtu akae kutwa nzima ameinamisha kichwa. Wengi waliuharamisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wazee wetu waliyapokea kutoka pwani, uliitwa makuruhu, yaani si mzuri, lakini haufiki haramu peke yake. Unakuwa haramu ukiingia kamari, ukimpotezea mtu sala, au ukileta matusi na ugomvi.

Chukueni vipimo hivyo hivyo mviweke mbele ya televisheni ya leo. Mechi ya mpira kwenye PlayStation, vijana wawili wanacheza, wenzao wako kwenye benchi wanangoja zamu, adhana ikilia wanasimama: hiyo si haramu. Mechi ile ile, kila mmoja ameweka franka zake juu ya meza na mshindi anabeba zote: hiyo ni kamari, hata ukiibadilisha jina ukaiita pari. Na mechi iliyoanza baada ya Alasiri ikaishia usiku, Magharibi ikapita na Isha ikapita, hiyo imekula dini ya mtu, hata kama haikuchezewa franka moja.

3. MTU AKIFUNGWA NA MCHEZO

Ndugu Waislamu, kuna wanaosema uraibu wa mchezo ni maneno ya kuwatisha watoto. Sivyo. Mwaka 2019 nchi za Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloliita OMS, zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022. Ndani yake yamo maradhi ya kucheza michezo ya video. Waganga wanatazama alama tatu. Mtu hawezi tena kujizuia, aanze lini au aache lini. Mchezo unapita mbele ya kila kitu kingine katika maisha yake. Na anaendelea ingawa anaona wazi unamharibia. Hayo kwa kawaida yaonekane kwa muda wa miezi 12. Shirika hilo hilo linasema wanaofikia hali hiyo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji.

Kwa hiyo mzazi asiseme kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Na kijana asiseme hakuna anayeugua.

Fahamuni pia kwa nini mchezo unashika. Mechi ni fupi, na ikiisha kuna nyingine. Aliyeshindwa anataka kulipiza, aliyeshinda anataka kuongeza. Michezo mingi ya kwenye simu inatolewa bure, kisha ndani yake kunauzwa vitu: nguo za mchezaji, silaha, bahati nasibu. Waliotengeneza wamesoma moyo wa binadamu, na wanajua mtoto hana breki.

Kijana mwenzangu, jipime mwenyewe leo. Ukiitwa na mama yako, unaweza kuiweka maneti chini? Ukisikia adhana, unaweza? Pesa ya minervali uliyopewa uipeleke sekondari imefika yote? Kama jibu ni ndiyo, mshukuru Mola wako na ujilinde. Kama jibu ni hapana, usijifiche. Mwambie mtu unayemwamini kabla deni na uongo havijakua, maana uongo wa kwanza huzaa wa pili.

4. TUACHE MAJINA MABAYA

Sasa ninasema na wazee. Mtoto akionekana mlangoni mwa chumba cha michezo, mara moja tunamwita shege, tunamwita kuluna, tunasema huyu amekwisha. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza kuitana kwa majina ya kejeli na kudhaniana vibaya. Makatazo hayo hayakumtoa mtoto wa miaka 14.

Hata ng'ambo watu wana picha yao: mchezaji ni kijana mvivu, mchafu, aliyejifungia peke yake gizani. Lakini watu wa kila aina wanacheza, wake kwa waume. Huko Kenya, binti aitwaye Sylvia Gathoni alichukuliwa mwaka 2018 na timu ya mashindano ya ng'ambo, naye alikuwa mwanafunzi wa sheria. Sisemi hayo ili kila mtoto adhani atalipwa kwa kucheza. Wanaolipwa ni wachache sana, kama wanaofika timu kubwa za mpira. Ninasema ili tujue kuwa maneti mkononi haikuonyeshi moyo wa mtu.

Hapa kwetu wengi hawachezi gizani peke yao. Wanakwenda pale kwa sababu kuna wenzao, kuna taa ya jenereta wakati umeme umekatika, na kuna mtu anayewajua kwa jina. Jiulizeni: hapa msikitini, ni nani anayewajua kwa jina? Kijana anayeitwa kuluna nyumbani na msikitini ataishia kukaa na makuluna, kwa sababu ndio waliompokea.

5. VITA VYA KWENYE KIOO NA MADINI YA NDANI

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Kisangani kuliko wengine. Kuna michezo ya kupiga risasi na kubomoa nyumba. Mji huu ulipigwa kweli. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kati yetu kwa siku sita. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika au kubomoka. Mtoto anayecheza leo alizaliwa baadaye, hajui. Bibi yake aliye chumba cha pili anajua, na akisikia mlio ule kwenye televisheni moyo wake unaruka. Mzazi, mweleze mwanao. Akijua bibi yake alilala chini ya kitanda siku ngapi, atapunguza sauti mwenyewe, na huenda akachagua mchezo mwingine.

Tena itazameni mashine yenyewe. Ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo mnaweza kuwamo vifaa vidogo vya kutunza umeme, vilivyotengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na kwa miaka yake yote ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Mwaka huo huo wa 2000 bei ya tantali ilipanda mara kadhaa. Wengine wakailaumu mashine hiyo. Wengine wakasema simu na kompyuta zilichangia, na wafanyabiashara waliolimbikiza. Lenye hakika ni kwamba wenye silaha walitajirika kwa koltani ya Kivu, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika katika ripoti yao ya Aprili 2001, na watoto wa huko waliacha shule wakashika koleo.

Sisemi mtoto wako abebe dhambi ya wenye bunduki. Ninasema kitu hicho si cha kuchezea usiku kucha kama kilichookotwa njiani. Huenda mtoto mwingine wa nchi hii aliacha darasa ili madini yake yapatikane. Basi wewe usiliache darasa lako kwa ajili ya mashine hiyo.

6. TUFANYE NINI

Nchini China serikali iliamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya intaneti saa moja tu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi tusingoje serikali. Kila mtu ni mchungaji, na ataulizwa juu ya kundi lake.

Wazazi: wekeni saa inayojulikana, sala na masomo yakitangulia. Ukimkataza mtoto jambo, mpe jingine: mpira, madrasa, kazi ya mkono, au wewe mwenyewe kukaa naye. Baba anayerudi usiku akiwa amezama ndani ya simu yake hana ulimi wa kumkanya mwanawe.

Wenye vyumba vya michezo: riziki yenu iwe safi. Msimpokee mtoto wakati wa masomo. Msiruhusu pari. Adhana ya Ijumaa ikilia, zimeni jenereta mje, nanyi mtafungua tena baada ya sala.

Vijana: cheza ukiwa bwana wa mchezo, usiwe mtumwa wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara ndani yake. Na kila mmoja wetu ataulizwa ujana wake aliutumia katika nini.

Na sisi wa msikitini: kijana akiingia amechelewa, jasho likimtoka, ametoka pale mnapopajua, msimkodolee macho. Msogezeeni nafasi katika safu.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu. Walio huru usiwafunge, na waliofungwa uwafungue. Tupe ulimi mwema kwao, nao uwape masikio ya kutusikia. Wape raha watu wa Kivu na Ituri, na uwarehemu wafu wa mji huu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Tafadhali isitupwe chini wala isifungiwe maandazi. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.)