Kazi na Sifa

Swali moja huwasumbua vijana wapendao kalamu, nalo ni hili: kazi isiyosifiwa ina thamani gani? Wako wasemao kwamba sifa ni kivuli cha kazi, na pasipo kivuli hapana mti. Sikubaliani nao. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kivuli hutoweka na mti upo pale pale. Yatazame, msomaji, maisha ya Abdulrazak Gurnah.

Alizaliwa Unguja mwaka wa 1948. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta kijana wa umri kama wako, na miaka michache baadaye alihamia Uingereza. Huko ugenini ndiko alikoanza kuandika. Hakutumwa na mtu wala hakuahidiwa ujira. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka wa 1987, hali yeye anakaribia miaka 40. Zikafuata nyingine, hata kufikia mwaka wa 2020 zikawa 10. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent.

Si kwamba alipuuzwa kabisa. Mwaka wa 1994 riwaya yake Paradise ilikuwa miongoni mwa vitabu vichache vilivyobakishwa kushindania tuzo ya Booker, walakini haikushinda. Humo mna kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka 12, aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri wa misafara kwa sababu ya deni. Mtoto humwita tajiri yule mjomba, naye si mjomba wake hata kidogo. Kisa hicho ni cha pwani yetu na bara yetu, katika siku ambazo Wadachi walikuwa wakiingia.

Tarehe 7 Oktoba 2021 alipigiwa simu akiwa jikoni, akaambiwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alidhani anafanyiwa mzaha. Tangu kitabu cha kwanza ilikuwa imepita miaka 34. Sasa fikiri: katika riwaya zile 10, ni neno gani lililobadilika siku ile? Hapana hata moja. Tuliobadilika ni sisi, ambao wengi wetu katika Afrika ya Mashariki tulilisikia jina lake siku hiyo kwa mara ya kwanza, tukaanza kujivuna naye kama kwamba tulimlea.

Yamkini mtu atajitetea kwamba vitabu vyake viliandikwa kwa Kiingereza. Utetezi huo una nusu ya ukweli tu, maana shule zetu husoma riwaya za Kiingereza kila mwaka. Nusu iliyobaki ni ya haki. Yusuf, aliye Mswahili, alingoja miaka 28 kabla ya kusemeshwa Kiswahili, mpaka Ida Hadjivayanis alipoifasiri riwaya ile kwa jina la Peponi, ikachapishwa mwaka wa 2022.

Ikiwa wewe umeficha daftari la hadithi chini ya godoro lako, hapana shaka utataka kujua tuzo ile ilimfanya nini mwenyewe. Mtu aliyeandika kwa kutafuta sifa angaliweka kalamu chini, kwa kuwa kubwa kuliko zote ameipata. Gurnah alirudi mezani pake. Mwaka wa 2025, akiwa na umri wa miaka 76, alitoa riwaya ya 11, Theft.