Ukuaji wa shule ndogo ya mjini

Mpango wa muda mrefu wa shule ndogo ya kibinafsi huzungumzia mambo ambayo bado hayapo: watoto ambao hawajaandikishwa, walimu ambao hawajaajiriwa, vyumba ambavyo havijajengwa. Hata hivyo huwafunga watu waliopo leo. Mzazi wa Nairobi anayemwandikisha mtoto wa miaka 4 katika shule inayofika Gredi ya 9 anaikabidhi miaka 11 ya mtoto huyo: 2 ya chekechea, 6 ya msingi na 3 ya sekondari msingi. Karo hulipwa kwa muhula, lakini imani iliyomleta langoni ni ya miaka yote hiyo. Ndiyo maana swali la wajibu hutangulia lile la fedha: mtoto aliyeandikishwa mwisho ameahidiwa nini, na ahadi hiyo inakwisha lini?

Swali hilo hugeuza hesabu. Mkondo mmoja wenye watoto 25 kwa darasa, ukijaa kutoka chekechea hadi Gredi ya 9, huwa na watoto 275. Shule ikianzisha mkondo wa pili huongeza darasa moja tu mwaka huo, na kwa kufanya hivyo imejifunga kuongeza jingine kila mwaka kwa miaka 10 inayofuata. Ikiwa imepanga nyumba kwa mkataba wa miaka 5, imeahidi zaidi ya muda ambao ina haki ya kukaa hapo. Kosa hili halionekani katika vitabu vya hesabu, kwa sababu mwaka wa kwanza mapato hupanda.

Kuna pia yale ambayo shule haiyaamui. Kenya ilipoingia katika Mtaala wa Umilisi, darasa la kwanza la Gredi ya 7 lilianza Januari 2023, na mwaka huohuo KCPE, mtihani wa kumaliza Darasa la 8, ukafanywa kwa mara ya mwisho. Shule zilizozoea kuishia Darasa la 8 zilikabiliwa na haja ya maabara na ya walimu wenye mafunzo ya sekondari. Mpango uliofunga kila kitu kwa idadi ya vyumba haukuwa na la kusema. Uliojua kwanza shule inamfanyia mtoto nini ungeweza kupimwa upya.

Kukua kuna maana mbili ambazo huchanganywa kwa urahisi: kuongezeka na kukomaa. John Dewey, mwanafalsafa aliyeandika kwamba kukua hakuna lengo nje ya kukua zaidi, alifungua shule ya majaribio Chicago mwaka 1896 ikiwa na watoto wapatao 16 na walimu 2. Kufikia 1902 ilikuwa na watoto wapatao 140 na walimu 23. Walimu waliongezeka kwa kasi zaidi kuliko watoto, jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa shule nyingi zinazopanuka hufanya kinyume. Ni kweli kwamba chuo kikuu cha mji huo kilikuwa nyuma yake, kikiilea. Lakini mlezi huyo huyo alikuwa na mipango yake: shule iliunganishwa na nyingine, ukazuka mvutano juu ya uongozi, na Dewey akaondoka 1904.

Shule isiyo na mfadhili hutegemea karo, na Desemba mishahara hudaiwa ilhali karo haiingii. Akiba ya miezi ya namna hiyo inastahili kutangulia ghorofa mpya. Kubaki na mkondo mmoja nako ni uamuzi kamili wa ukuaji, pale mwalimu mkuu anapomjua kila mtoto kwa jina na walimu wanakaa miaka ya kutosha kufundishana kazi.

Mpango mwaminifu hueleza pia namna ya kufunga. Shule ikiona haitadumu, huacha kupokea watoto wa chekechea na kuendelea na waliomo, darasa baada ya darasa, hadi wa mwisho amalize Gredi ya 9. Kila mwaka chumba kimoja hubaki wazi na mapato hupungua, kwa hiyo fedha za miaka hiyo zinapaswa kutengwa mapema, wakati madarasa bado yamejaa.