Sindano Iliyomziba Mdomo Punda wa Balaamu

Ndugu zangu wa Ikolo, nanyi mnaosoma karatasi hii mkiwa Ipinda, Matema au Kyela mjini, fungueni Hesabu sura ya 22. Balaamu yuko njiani, kapanda punda wake, ana haraka ya kupokea heshima kwa mfalme Balaki. Punda anakwepa, anapigwa. Anambana mguu ukutani, anapigwa tena. Analala chini kabisa, na fimbo inamshukia mara ya tatu. Nabii mzima haoni kitu. Mnyama anamwona malaika mwenye upanga! Kisha malaika anatamka kwamba punda asingekwepa, angekufa Balaamu, na punda angeachwa hai.

Sura hiyo hunijia kila ninaposikia watu wakitaka mbio ndefu za farasi zipandishwe ziwe mchezo wa wakubwa wa dunia, wenye bendera, masheikh na mamilioni. Nasema la. Tena la!

Msinicheke kwamba Ikolo hatuna farasi. Kweli hatuna, na mimi mwenyewe nikipandishwa juu ya tandiko nitaanguka upande wa pili. Lakini maksai tunao, na fimbo tunazo.

Sikieni mbio hizi zilivyoanza. Mwaka 1955, huko California, Wendell Robie na wenzake wachache walivuka milima ya Sierra Nevada kwa farasi, kilomita 160 kwa siku moja. Zikazaliwa mbio za Tevis. Hadi leo anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa mzima, hupewa bizimu ya fedha ya mkanda, awe wa pili au wa mwisho. Njiani kuna vituo. Daktari wa mifugo husikiliza moyo, humtazama mnyama anavyotembea, na akisema basi, ni basi. Huyo ndiye malaika wa njiani, ila huyu hata mpandaji anamwona.

Kisha ikaja tamaa ya kasi. Kwenye mchanga tambarare wa nchi za Ghuba, huko Uarabuni, farasi wakaanza kwenda shoti pale walipopaswa kwenda polepole. Machi 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilisimamisha uanachama wa shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya mateso ya wanyama. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, huko Fujairah, farasi aliyeitwa Castlebar Contraband alivunjika mguu wa mbele mbioni, ikabidi auawe. Vipimo vilikuta mwilini mwake xylazine, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 2020 mahakama ya FEI ilimfungia mpandaji wake miaka 20.

Mnaona walichokifanya? Maumivu ndiyo lugha aliyopewa mnyama amwambie bwana wake asimame. Wao wakachukua sindano wakamziba mdomo punda wa Balaamu!

Atainuka msomi aseme kwamba mchezo ukikua, sheria na madaktari huongezeka. Nakubali nusu. Septemba 2018, huko Tryon, Marekani, mbio za ubingwa wa dunia zilifutwa zikiwa zinaendelea, kwa joto na unyevu uliowaelemea farasi. Hukumu njema. Ila sheria nyingi za namna hiyo huandikwa baada ya mizoga, na zawadi ikinona, mjanja huitangulia sheria.

Tena dawa ipo, na imetoka Ghuba hiyohiyo. Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, katika mbio zake za Bouthib, Abu Dhabi, aliweka ukomo wa kasi wa kilomita 20 kwa saa, akawazawadia farasi waliomaliza wakiwa na afya bora. Kwa mbio za hivyo nasema amina, hata zikizunguka dunia nzima.

Sasa nageukia kwetu. Wewe unayemlimisha maksai shamba la mpunga tangu alfajiri hadi jua la utosi, akipiga goti topeni unamkunja mkia, ubatizo wako umemfaidia nini? Mfungue nira saa nne! Mnyweshe! Ekari iliyobaki haitakimbia.

Na kijana unayeota kazi ya usaisi Uarabuni, nenda kwa baraka zetu. Lakini siku utakapopewa sindano usiku, uambiwe usimwambie daktari, itupe. Rudi Ikolo mikono mitupu. Mchele upo.