Mbuyu, Chui na Shetani: Swali la Roho katika Sanaa ya Pwani ya Tanga

Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa mtaa wa Ngamiani mjini Tanga na wa pwani nzima ya Tanga, kuchora kiumbe chenye roho, yaani mtu au mnyama, ni haramu, ilhali kuchora mti, mlima au bahari kunaruhusiwa. Mpaka huo unatokana na hadithi zinazoeleza kwamba watengenezaji wa sanamu wataamrishwa Siku ya Kiyama wavipulizie uhai walivyoviumba, na vilevile na nasaha ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwa mchoraji mmoja kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, hakuitenga sanamu yenye kivuli, yaani ya kuchonga, na picha bapa ya ukutani, ingawa wanazuoni wengi wa Kimaliki waliitenga.

Mpaka huo unaonekana wazi hadi msanii anapotoka mjini na kufika mapango ya Amboni, ambako watu hupeleka sadaka na nadhiri kwa mzimu, au anaposimama chini ya mbuyu ambao wenyeji hawaukati ovyo kwa kuwa unaaminiwa kuwa na wenyewe. Je, anayeichora mandhari kama hiyo anachora kisicho na roho? Fakihi atajibu kwamba roho inayokusudiwa ni ile inayohuisha mwili na kuutoka wakati wa kufa, na kwamba mzimu hukaa pangoni bila kuwa uhai wa pango. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwa sababu Kurani yenyewe inafundisha kwamba hakuna kitu kisichomsabihi Mungu. Kwa hiyo si kwa kuwa mti ni mfu ndipo unaruhusiwa kuchorwa. Unaruhusiwa kwa kuwa katazo linalinda tendo la Muumba la kupuliza uhai, wala halipimi ni kitu gani kilicho hai zaidi ya kingine.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932 na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Chui wake bapa, mwenye madoa yaliyopangwa kama nakshi, hadai kupumua. Hata hivyo, kwa Nawawi ubapa si udhuru. Wachongaji wa Kimakonde wa mtindo wa shetani, ambao mwanzo wake katika miaka ya 1950 unahusishwa na Samaki Likankoa, wangeweza kudai kwamba kiumbe cha jicho moja hakifanani na chochote kilichoumbwa, lakini wapo mafakihi wa Kishafii waliokwisha kuliziba pengo hilo kwa kuharamisha hata picha ya farasi mwenye mbawa. Ni heri basi msanii abishane waziwazi na msingi wa hukumu kuliko kutafuta mwanya ndani yake.

Waliojenga makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, karne kadhaa zilizopita, walimkumbuka marehemu kwa nguzo ya mawe iliyopachikwa bakuli za kigeni, pasipo uso wala umbo la mtu. Walilikwepa katazo la sanamu, wakakutana na jingine, kwa maana hadithi zinakataza pia kujengea makaburi.