Malipo ya Kirangozi

Hapa Usinge, kwenye reli iendayo Kigoma, nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayeuza asali na vitumbua stesheni, kuna mwembe. Kwenye tawi lake la chini linaning'inia gunia la mpunga lililojazwa pumba, matambara na mchanga kidogo wa kuongeza uzito. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchota maji, binti wa yule mama hulipiga gunia hilo. Glavu hana. Amechana khanga kuukuu ya mama yake vipande virefu, akavizungusha viganjani mpaka kwenye vifundo vya vidole. Siku moja niliposimama kumtazama, uzi wa khanga ulikuwa umenasa kwenye kidonda, wala hakuujali. Alipiga mbili za kushoto, moja ya kulia, kisha akainama haraka kana kwamba gunia limerudisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizi ngumi zitakufikisha wapi?"

"Nataka kuwa kama yule Conjestina uliyetusimulia habari zake."

Nilimpongeza, nikaenda zangu. Lakini siku ile nzima sikutulia, kwa sababu nilijua nimewasimulia vijana wa hapa nusu tu ya habari.

Nusu niliyowasimulia ni hii. Jioni moja vijana walikuwa wametoka kibanda umiza, wakibishana kuhusu bondia wetu Hassan Mwakinyo na ile siku ya Septemba 2018 alipommaliza Sam Eggington kule Birmingham katika raundi ya pili. Kijana mmoja akasema ngumi ni kazi ya wanaume. Nikamwambia akae chini. Nikamweleza kwamba miaka mingi kabla ya hapo, jirani zetu wa Kenya walikuwa na binti wa Siaya, karibu na Ziwa Victoria, aliyezaliwa mwaka 1977 akaitwa Conjestina Achieng. Ulingoni walimwita Mikono ya Jiwe. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda, akatwaa taji la uzani wa kati la Shirikisho la Kimataifa la Ngumi za Wanawake (WIBF), na mpaka leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa katika ngumi za kulipwa.

Nikawaambia wapime mwaka huo. Mwaka 2004 Michezo ya Olimpiki ilikuwa bado haijamfungulia mwanamke ulingo. Mlango huo ulifunguliwa London mwaka 2012, na Kenya ikawakilishwa na Elizabeth Andiego. Hata Uingereza, wanakojisifu kwamba ndiko zilikotungwa sheria za ngumi za kisasa, bondia Jane Couch alipata leseni ya ngumi za kulipwa mwaka 1998 tu, tena baada ya kwenda kudai haki yake mbele ya mahakama ya kazi. Huko wakubwa wa mchezo walikuwa wamejitetea kwamba hedhi humfanya mwanamke asiaminike ulingoni. Basi miaka sita tu baada ya hayo, binti wa Siaya alikuwa na mkanda kiunoni. Vijana walinyamaza. Yule binti wa stesheni alikuwa amekaa nyuma yao, sikujua kwamba anasikiliza kuliko wote.

Nusu niliyoinyamazia ni hii. Conjestina aliugua maradhi ya akili. Alitibiwa, akarudi kwao Siaya, akaugua tena. Magazeti yaliyompamba akiwa na mkanda yalimfuata hadi uani kwao na kumpiga picha akiwa katika hali ambayo mtu mzima hapaswi kuonyeshwa. Picha hizo sitazieleza, kwa kuwa kuzieleza ni kumpiga nyingine. Kila zilipotoka, watu walihuzunika, wakubwa wakaahidi, kisha kimya. Mwaka 2022 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alimchukua akampeleka Mombasa kutibiwa. Namshukuru kwa hilo. Lakini bingwa wa bara zima hakupaswa kungoja huruma ya mtu mmoja.

Sisemi kwamba ngumi ndizo zilizomfanya augue. Maradhi ya akili humpata mkulima, mwalimu na waziri. Ninachosema ni kwamba alipokuwa amesimama alikuwa wetu sote, na alipoanguka akawa wa baba yake na ndugu zake peke yao.

Sisi wa njia hii tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, misafara ya kati ya Tabora na Ujiji ilipita pande hizi kwa miguu. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi ile. Mpagazi alibeba kilo 30 na ushee begani, siku hadi siku, na wake za wapagazi walikwenda nao na vyungu, mikeka na watoto mgongoni. Kwa hiyo anayesema nguvu za mwanamke ni jambo geni kwetu, hajaulizia habari za bibi yake. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia na wa maji yalipo. Alivaa tofauti ili aonekane kutoka mbali, na mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini.

Katika kazi ile kuna mambo mawili, moja la kujivunia na moja la kuonea haya. La kujivunia ni kwamba mzigo haukuinuliwa kabla ya kupatana. Nguo kiasi gani, shanga kiasi gani, chakula cha njiani kiasi gani, yote yalisemwa mapema. Posho ilipopunguzwa njiani, wapagazi walitua mizigo chini, msafara ukasimama. La kuonea haya ni kwamba aliyeugua akashindwa kutembea, mara nyingi aliachwa porini, na msafara ukaendelea kwa ngoma na nyimbo.

Conjestina alikuwa kirangozi. Waliomfuata waliiona njia kwa sababu aliikanyaga yeye kwanza. Mkenya mwenzake Fatuma Zarika alikwenda Flint, Michigan, Oktoba 2016, akamvua Alicia Ashley mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC). Desemba 2017 akautetea Nairobi, mbele ya watu wake, dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, na akaushika mpaka Novemba 2019 alipopokonywa na Yamileth Mercado kule Meksiko. Wapo mabinti wa Dar es Salaam, Kampala na Nairobi wanaofunga glavu leo bila kumwomba mtu radhi. Msafara unakwenda. Aliyetangulia tulimwacha njiani.

Kesho yake, baada ya siku ile ya gunia, nilirudi kwa mama wa yule binti, nikiwa nimejiandaa kumtetea mtoto. Nilidhani mama atasema ngumi si heshima kwa msichana. Alikuwa akikoroga uji wa vitumbua, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwenye kigoda, kama anavyoketi siku zote.

"Mwalimu," alisema, "mimi ngumi sizikatai. Nauliza, akivunjika nani atamtibu?"

Sikuwa na jibu, na yeye alijua kwa nini sina. Mama huyu nilimfundisha. Alikuwa mkimbiaji ambaye shule yetu haikupata mwingine kama yeye. Kila alipotuletea ushindi tulimsimamisha mbele ya mstari, tukampigia makofi ya kilo, tukampa daftari na kalamu mbili. Siku moja goti lilimgeuka katikati ya mashindano, akiwa amevaa jezi ya shule. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli akampeleka zahanati kwa pesa zake mwenyewe. Shule haikuchangia hata nauli. Mimi niliyempigia makofi kuliko wote sikwenda kumjulia hali, nilingoja arudi mbioni. Hakurudi, wala darasani hakukaa tena muda mrefu. Miaka yote hii nimenunua vitumbua vyake, naye hunichagulia vilivyoiva vizuri, na sijawahi kumwambia pole.

Siku ile nilimwambia. Aliendelea kukoroga. "Yamepita, mwalimu. Nisaidie huyu."

Nimelifikiri swali lake tangu hapo, na naona ndilo ambalo wasimamizi wa ngumi wanapaswa kulijibu kabla ya kutangaza pambano lolote. Bondia wa kulipwa hana mshahara. Analipwa kwa pambano. Katika fungu hilo meneja ana chake, mwalimu wake ana chake, na lishe ya miezi ya mazoezi humo humo. Pambano likiahirishwa, miezi ile imekwenda bure. Mwanamke yuko chini zaidi. Mapambano ya ubingwa ya wanawake kwa kawaida ni raundi 10 za dakika 2, ya wanaume 12 za dakika 3, na ufupi huo umekuwa kisingizio cha kumlipa kidogo. Aprili 2022 mabondia Katie Taylor na Amanda Serrano waliujaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kila mmoja akaondoka na zaidi ya dola milioni moja. Mwaka uliofuata Serrano akapigana raundi 12 za dakika 3. Wamethibitisha kwamba watazamaji wapo na uwezo upo. Lakini hao ni wachache, na njia kati ya gunia la mwembeni na ukumbi ule ni ndefu. Wengi watalipwa, au hawatalipwa, katikati ya njia.

Ndiyo maana siwezi kumwambia binti huyu aache, na siwezi tena kumwambia aendelee kwa makofi tu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila anayepanda ulingoni atashuka, awe na mkanda au asiwe nao. Tunaompandisha tuna deni la kujua atashukia wapi, na deni hilo tulilikubali siku tulipomwita bingwa wetu. Sifa haijawahi kununua dawa.

Jumapili tulikaa watatu chini ya mwembe. Nilikuwa na daftari la shule, nikaandika kama babu zetu walivyopatana kabla ya kuinua mzigo. Kwanza, mtoto amalize kidato cha nne, ili mkataba wowote atakaowekewa mbele ausome mwenyewe kabla ya kutia saini. Pili, asipande ulingo wowote bila bima ya afya na bila daktari kumpima. Bima ya kuanzia nitalipa mimi, kwa pensheni yangu. Tatu, pesa yoyote ya pambano, hata ikiwa ndogo, fungu moja liwekwe akiba kwa jina lake mwenyewe. Binti alisoma, akatikisa kichwa kukubali, macho yake yakiwa kwenye gunia.

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akaliomba daftari. Aliandika polepole, kwa mwandiko ule ule niliomfundisha, mstari wa nne:

"Akishindwa, arudi nyumbani."

Kisha akamvuta binti yake karibu, akavifungua vile vitambaa vilivyolegea mkononi, akatoa uzi uliokuwa umenasa kwenye kidonda, akamfunga upya.